Umeambiwa uanze kupiga kinanda kanisani? Soma hii kabla ya Jumapili

Tumsifu Yesu Kristo ndugu zangu. Naandika hii kwa ajili ya mtu mmoja hasa, yule ambaye mpiga kinanda wa parokia yao amehamishwa kikazi au amepata chuo mbali, mwenyekiti wa kwaya akamgeukia baada ya mazoezi akamwambia "si wewe huwa unajuajua kinanda, hebu tushikie kidogo", na hicho kidogo sasa hivi ndo kimekuwa kila Jumapili misa ya kwanza saa 12 asubuhi. Mi nimepita hapohapo miaka mingi iliyopita, kwenye parokia moja kanda ya ziwa, na hamna mtu aliyenikalisha chini akanipa mpangilio, nilikuwa naokota kimoja huku kingine kule. Nitaongelea Misa ya Kikatoliki maana ndo ninayoishi nayo, ila ndugu zetu Walutheri na Waanglikana mtabadilisha tu utaratibu wa ibada, mambo ya kinanda chenyewe ni yaleyale.

Kabla ya yote naomba ulishike hili, kazi yako ni kuwabeba wanaoimba. Kila ninachoandika huko chini kimetoka hapo. Ukiwa umebaki njia panda hujui upige au uache, upige kwa nguvu au kwa upole, jiulize hivi inamsaidia yule mama wa benchi la nyuma aimbe au inamnyamazisha? Utapata jibu lako hapohapo.

Hatua ya 1: Pata orodha ya nyimbo mapema, usikubali kuipata asubuhi

Tafuta mwalimu wa kwaya siku ya mazoezi, sio Jumapili, mkae mpange: wimbo wa mwanzo, Bwana utuhurumie ya nani, Utukufu upi, wimbo wa katikati, shangilio, matoleo, Mtakatifu, Mwanakondoo, komunio, shukrani, wa kutokea. Zidisha wimbo mmoja wa matoleo na mmoja wa komunio maana watu wakiwa wengi utaona mistari bado iko mlangoni na wimbo umeshaisha. Afu uwe na kalenda ya liturjia yako mwenyewe, ile inayouzwa kila mwaka, ujue tuko Mwaka A, B au C na Dominika ya ngapi, kwa sababu wimbo wa katikati unafuata masomo ya siku hiyo na ukikosea hapo msomaji na kwaya mnakuwa vitu viwili tofauti.

Nunua daftari. Hili nalisisitiza kwelikweli. Kila wimbo mnaoimba andika jina, Do ni ipi (yaani kii gani ndo mwanzo wa ngazi ya wimbo), kasi yake ikoje (hata ukiandika tu "polepole kama kutembea" inatosha), na soprano wenu walilalamika au la. Nota inaweza kukuandikia Do ni A flati lakini kwaya yenu misa ya saa 12 asubuhi sauti bado zina usingizi, mkishusha ikawa G watu wanaimba vizuri zaidi. Hiyo haipo kwenye karatasi yoyote, iko kwenye daftari lako.

Hatua ya 2: Kijue kinanda cha parokia kabla hakijakushangaza

Vinanda vya mabomba huku kwetu ni vichache mno, vile vya kukanyaga kwa miguu walivyoacha wamisionari vingi vimenyamaza, kwa hiyo nachukulia una kinanda cha umeme cha kii 61, Yamaha au Casio. Nenda siku ya katikati ya wiki kanisa likiwa tupu, omba ufunguo kwa katekista, kaa nacho hata saa nzima.

Kwanza adapta. Adapta za Yamaha nyingi hizi ndogo ni volti 12 na ncha ya ndani ya pini ni chanya, Casio nyingi za zamani ni volti 9 na ncha ya ndani ni hasi, kinyume kabisa. Pini inaweza kuingia vizuri tu ukadhani umepata, kumbe unaua kinanda cha waumini waliochangishana miaka miwili. Geuza kinanda usome pale kwenye tundu, pana mchoro mdogo wa chanya na hasi, linganisha na mchoro ulioko kwenye adapta. Visipofanana usichomeke, hata kama mtu amesimama pembeni anakuambia "hii huwa tunaitumia".

Pili angalia transpozi, ile batani inayopandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima. Ukiwasha kinanda hakikisha iko sifuri. Nimewahi kupiga misa ya ndoa, kijana mmoja alikuwa anajifunza usiku wa kuamkia siku ile akaiacha juu nusu nne (yaani kii nne juu) na kinanda hakikuzimwa, nimeanza wimbo wa maharusi kuingia nikasikia tu kitu hakiko sawa, soprano walifika kwenye kilele cha wimbo sauti zikakatika, bibi harusi yuko katikati ya kanisa. Toka siku hiyo kabla ya misa nabonyeza C moja nailinganisha na C ya simu. Sekunde tano tu.

Tatu waya. Hivi vinanda vidogo vingi vina tundu moja la kutolea sauti, ukichomeka jeki kwenda kwenye miksa spika zake zenyewe zinazima, unabaki unapiga bila kujisikia, sauti inasikika mbele kwa waumini na wewe uko pembeni na kwaya mnaimba kwa kukisia. Omba kamati ya vyombo iwawekee spika moja iwaelekee ninyi. Hii ndo sababu kubwa ya kwaya na kinanda kuachana nusu ya wimbo, watu wanalaumu mpigaji kumbe ni spika. Na ukiwasha anza na kinanda ndo miksa na spika zifuate, ukizima spika zitangulie, ule mlio wa "pwaa" unaosikika kanisa zima unaua spika taratibu.

Nne, chagua sauti mbili tu. Ogani moja ya upole ya kusindikiza, ogani moja iliyojaa kwa ajili ya Utukufu na sikukuu. Ukishazoea utaongeza stringi kwa nyimbo za komunio. Hizo nyingine mia kadhaa ziache. Zile staili zinazopiga ngoma zenyewe pia mi naziacha, huku kwetu tuna ngoma halisi na kayamba na watu wanaojua kuzipiga, na ngoma ya mtu inamsubiri padri akichelewa kufika altareni, ile ya kwenye kinanda haimsubiri mtu.

Halafu kifunike na kitambaa, kiweke mbali na maua ya altare (maji!), na waambie watu wasiweke vitabu vya nyimbo juu yake.

Hatua ya 3: Solfa iingie kwenye vidole

Nota zetu nyingi zimeandikwa kwa solfa, d r m f s l t, huu mfumo wa Mwingereza Curwen ulioletwa na wamisionari, na uzuri wake ni kwamba mwimbaji akishaijua anaimba kwenye Do yoyote. Ugumu wake uko kwako mpiga kinanda, maana d moja inaweza kuwa C leo, kesho E flati.

Njia iliyonisaidia ni hii. Usijifunze Do zote kumi na mbili kwa pamoja, anza na F, G na D, maana utazikuta sana, afu E flati, B flati na A flati. Kanuni ya ngazi ni ileile: nzima, nzima, nusu, nzima, nzima, nzima, nusu (nusu ni kwenda kii ya jirani, nyeusi nayo ihesabu, nzima ni kuruka moja). Do ikiwa G unapata G A B C D E F shapu G. Do ikiwa F unapata F G A B flati C D E F. Do ikiwa E flati ni E flati F G A flati B flati C D E flati. Kila siku dakika kumi na tano imba kwa mdomo huku unabonyeza, "d r m f s l t d", usibonyeze kimya. Mdomo ukisema "s" kidole kiende chenyewe. Ukimaliza ngazi piga kwa mkono wa kushoto d m s, f l d, s t r, l d m, hizo nne tu zitakubebea nyimbo nyingi sana.

Sasa kuna mtego mmoja ambao karibu kila anayeanza unamkamata na hamna mtu anauongelea. Kwenye solfa teno na besi huandikwa oktavu moja juu ya pale zinapolia kweli. Kwa hiyo Do ikiwa G, d ya soprano isiyo na alama (kale kaalama ka oktavu kanakowekwa juu au chini pembeni ya herufi) ni ile G iliyo juu ya C ya katikati (kwenye kii 61 ni C ya tatu ukihesabu toka kushoto), lakini d ya besi isiyo na alama unaipiga G iliyo chini ya C ya katikati, na yenye alama ya chini inashuka tena oktavu. Ukizipiga zote kama zilivyoandikwa mikono yako inagongana katikati na wimbo unasikika kama umebanwa kwenye chupa. Nilihangaika na hili karibu mwaka mzima mpaka sista mmoja aliyekuwa anatufundisha aliponiona, akanishika mkono wa kushoto akausogeza pembeni, akasema "wanaume wakae huku". Basi.

Na ile batani ya transpozi je? Wapo watakaokuambia jifunze C tu afu utumie hiyo, Do ikiwa G unaweka kutoa tano, E flati unaweka kuongeza tatu, umemaliza. Kwa dharura itumie, usione aibu, kuna Jumapili umepewa wimbo wenye shapu tano dakika kumi kabla ya misa na watu wanakusubiri. Ila usijenge nyumba yako hapo. Siku padri anaanzisha Utukufu kwa sauti yake bila kukuuliza, wewe huna muda wa kubonyeza batani, na siku umeenda parokia nyingine ukakuta kinanda chao hiyo batani imekufa utakaa chini.

Hatua ya 4: Sauti mbili kwanza

Usianze na sauti zote nne. Piga soprano mkono wa kulia, besi mkono wa kushoto, wimbo mzima bila kusimama hata ukikosea. Zikikaa ongeza alto kulia, mwisho teno. Teno ikienda mbali na besi kiasi kwamba mkono wa kushoto haufiki, ichukue kwa kidole gumba cha kulia. Na Jumapili ikifika bado hujaweza nne, piga mbili. Soprano na besi zilizotulia zinabeba kanisa zima kuliko sauti nne zinazojikwaa kila mstari, na besi ndo wanakuhitaji zaidi maana mara nyingi wako wawili tu na mmoja wao amesafiri.

Fanya mazoezi ya kutosimama. Hiki ni kipaji tofauti na kupiga vizuri. Ukikosea nyumbani huwa unarudi nyuma unarekebisha, na mkono unazoea kurudi, sasa kanisani ukirudi nyuma watu mia tano wameshaenda mbele. Kwa hiyo siku mbili kabla ya Jumapili usirekebishe chochote, piga mwanzo mpaka mwisho, ukipotea shikilia besi peke yake mpaka ujipate.

Hatua ya 5: Utangulizi na pumzi

Utangulizi una kazi tatu, kuwapa Do, kuwapa kasi, na kuwaambia sasa tunaanza. Mstari wa mwisho wa kiitikio unatosha kwa nyimbo nyingi. Kasi ya utangulizi iwe ileile ya wimbo kabisa, usipige utangulizi mtamu wa polepole afu mwalimu akaanza mbio. Ukimaliza nyanyua mikono, acha nafasi ya pumzi moja, ingia nao. Hiyo pumzi ndo siri. Vuta na wewe hewa kama unaimba, waimbaji wataingia pamoja bila hata kuonyeshwa. Mi huwa naimba besi kimoyomoyo wimbo wote ili mikono yangu ipumue pale watu wanapopumua, mwisho wa kila mstari nainua kidogo. Mpigaji ambaye hainui mikono anawakaba watu, wanafika ubeti wa tatu wamechoka hawajui kwa nini.

Mwalimu wa kwaya ndo anaongoza, wewe unafuata mkono wake. Hata kama unaamini amekosea kasi. Mkaongee baada ya misa, nje, kwa heshima, "mwalimu naona ule wimbo ukipungua kidogo maneno yanasikika vizuri". Nimeona kwaya zimevunjika kwa kugombania kasi mbele ya waumini na hiyo inauma sana.

Hatua ya 6: Jua mahali pa kunyamaza

Hapa ndo nataka tukae kidogo maana wengi wetu tumejifunza kupiga, hatujajifunza kuacha. Maelekezo ya Misale ya Kirumi namba 32 yanasema wazi kwamba padri anapotamka sala zake, kinanda na vyombo vingine vinyamaze. Maana yake Sala ya Ekaristi, mageuzo, sala ya mwanzo, ya dhabihu, ya baada ya komunio, huko kote mikono magotini. Najua kuna parokia mpigaji anapiga kaogani ka chinichini wakati wa mageuzo na watu wanakapenda, wanasema kanaleta ibada. Mi nilikuwa nafanya hivyo pia, nikaacha baada ya kuelekezwa, na ukimya ule wa kengele peke yake sasa naupenda kuliko chochote nilichowahi kupiga pale.

Kwaresima, namba 313, vyombo vinaruhusiwa kusindikiza tu uimbaji. Hamna kupiga peke yake wakati wa matoleo baada ya wimbo kuisha, hamna madoido ya kutokea. Isipokuwa Dominika ya nne ya Kwaresima, ile ya Furaha padri anapoweza kuvaa rangi ya waridi, pamoja na sherehe na sikukuu zinazoangukia humo, kama Mt. Yosefu 19 Machi na Kupashwa Habari 25 Machi. Majilio unaruhusiwa ila kwa kiasi, usitangulize furaha ya Noeli. Misa za wafu nako hamna kupiga peke yake, unasindikiza tu.

Alhamisi Kuu Utukufu unaimbwa na kengele zinalia, baada ya hapo kengele kimya mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka, na kinanda kati ya hapo ni kusindikiza tu. Parokia yetu huwa tunakizima kabisa, tunakifunika kitambaa, kwaya inaimba kwa mdomo Ijumaa Kuu yote. Kwa hiyo mwalimu aandae nyimbo ambazo watu wanaziweza bila wewe, na wewe uwe na namna ya kumpa Do, hata simu yenye programu ya kinanda ikiwa chini kabisa inatosha. Afu Mkesha sasa, padri anaanzisha "Utukufu kwa Mungu juu", taa zinawaka, kengele, na wewe unaweka vidole kwenye ogani iliyojaa baada ya siku mbili za ukimya. Jiandae kwa hiyo, jaribu kinanda mchana wa Jumamosi na ukiache kimewashwa kwa sauti sifuri, maana kwenye giza lile la mishumaa huwezi kuanza kutafuta swichi.

Hatua ya 7: Kumpata mtu aliyeanza bila wewe

Itatokea kila wiki. Padri anaanzisha kwa sauti yake, au msiba umeingia kanisani na akina mama wa WAWATA wameshaanza wimbo toka mlangoni. Usikimbilie kubonyeza bonyeza ukitafuta, sauti zote hizo za kubahatisha zinasikika. Shusha sauti ya kinanda mpaka karibu sifuri, sikiliza mwisho wa mstari, sauti inapotua na kupumzika hapo mara nyingi ndo d. Imba hiyo d kwa pua, tafuta besi yake taratibu, ukishaipata pandisha sauti ya kinanda kidogokidogo ubeti unaofuata. Kama wako katikati ya kii mbili (watu hawaimbi kwa mashine, wanaweza kuwa juu ya F na chini ya F shapu) usiingie kabisa. Waache waimbe. Msibani hasa, mi nimejifunza kwamba wimbo ulioanzishwa na mfiwa hauna haja ya kinanda.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo mwalimu aendelee kuongoza, kwaya iendelee. Wewe simama uimbe nao sauti yako. Ukirudi, nakuomba, usiingie papo hapo! Kwaya ikiimba bila chombo mara nyingi inashuka kidogo kidogo, ukiingia na Do ya mwanzo mnapishana nusu nzima mbele ya kanisa zima, subiri wimbo uishe. Vinanda vingi vidogo vinakubali betri sita, kama parokia inaweza kuzinunua ziwepo kabatini kwa ajili ya sikukuu, ila msiziache ndani ya kinanda miezi na miezi zikavuja.

Hatua ya 8: Tafuta wapiga vinanda wenzako

Kazi hii ina upweke ambao hauonekani. Waimbaji wako arobaini, mwalimu ana msaidizi wake, wewe uko pale pembeni peke yako, ukiumwa hamna kinanda, ukisafiri kumzika mzazi wako watu wanakupigia simu kuuliza adapta iko wapi. Kwa hiyo usikae peke yako. Tafuta wapigaji wa parokia za jirani kwenye dekania yenu, anzisheni hata kagrupu ka WhatsApp ka watu sita, kazi yake iwe tatu tu: kupeana nota, kuulizana ("jamani hii fe kwenye teno mnaipigaje Do ikiwa B flati?", fe ni f iliyopandishwa nusu, na mtu anajibu ni E ya kawaida, unaendelea), na kushikiana zamu. Sisi tulianza watatu, sasa hivi mtu akipata dharura Jumamosi usiku haishi nusu saa kuna mtu amesema "nitapiga misa yangu ya kwanza afu nakuja kwako ya pili".

Ukienda kushika parokia ya mwenzako kuna adabu zake. Fika mapema umsalimie mwalimu na mwenyekiti, uliza wanavyoimba wao sio unavyopiga wewe, usibadilishe mipangilio yake ya sauti bila kuirudisha, na usiwaonyeshe waimbaji wake kwamba unajua zaidi. Yeye akirudi akute watu wake wanamsubiri.

Habari ya hela nayo tuiseme. Wengi tunapiga kwa kujitolea na hiyo ni sawa, ni sadaka yetu. Ila mtu anayetoka kigango cha mbali kwa bodaboda mara tatu kwa wiki, mazoezi mawili na misa, nauli inamtoka, na sioni ubaya hata kidogo kumwambia mwenyekiti mapema kwamba naomba parokia inisaidie nauli. Semeni mwanzoni, kwa uwazi, iandikwe kwenye bajeti ya kwaya. Kinyongo cha nauli ndo kimewaondoa wapigaji wengi wazuri, sio ugumu wa nota. Ndoa ni kitu kingine, familia wakikuita elewaneni wiki kadhaa kabla kupitia uongozi wa kwaya, na nyimbo wazipeleke kwa padri azione kwanza.

Kwenye sikukuu ya Mt. Sesilia, 22 Novemba, msimamizi wetu wanamuziki, kwaya nyingi huwa na misa na chakula. Itumieni hiyo siku wapigaji mkae meza moja. Wazee waliopiga vile vinanda vya kukanyaga wapo bado, wana masikio ambayo sisi wa batani hatuna, waulize wakusimulie walivyokuwa wanabadilisha Do kichwani bila batani yoyote.

Hatua ya 9: Anza kufundisha mtu sasa hivi, usisubiri uwe mtaalamu

Hata kama una miezi sita tu. Angalia kwenye misa ya watoto, kuna mmoja kila misa ikiisha anakuja kusimama nyuma yako anaangalia vidole, hasemi kitu. Huyo. Mara nyingi ni kabinti na watu hawamfikirii kabisa maana wamezoea kaka wa kinanda, wakati wengi wetu tumefundishwa na masista. Ongea na wazazi wake kwanza, muwe mnafanyia kanisani mlango wazi, nusu saa baada ya misa ya watoto, wiki kwa wiki.

Mpe Do ikiwa F, ngazi moja, aimbe huku anabonyeza kama nilivyosema kwenye hatua ya 3. Wiki ya pili mpe besi ya Mwanakondoo peke yake, mistari ni mifupi na inajirudia mara tatu, wewe upige soprano pembeni yake kwenye kiti kimoja. Akiikamata bila kusimama, mwambie mwalimu wa kwaya Jumapili ijayo kwenye Mwanakondoo mtakaa wawili, afu siku hiyo mkumbushe tu avute pumzi kabla ya kuingia.